Kaa, konokono na simba: kisa cha kinamasi cha Sapelo kilivyosomwa Arusha

Mgeni akipanda gari Arusha asubuhi na kufika Seronera, katikati ya Serengeti, jioni, kuna maelezo atakayoyasikia njiani hata kama hakuuliza: simba wakiondoka, wanyama wala majani watazidi, majani yatakwisha, nchi itageuka vumbi. Waongoza watalii wameyazoea. Ni maelezo mazuri, yanaingia kichwani haraka, na mgeni anayaandika kwenye daftari lake. Shida ni kwamba wengi wanaoyasema hawajawahi kujiuliza nani aliyapima, wapi, na kwa mnyama gani.

Vijana ninaowasaidia kujiandaa na usaili wa kuongoza watalii, kwenye chumba kimoja cha kupanga pale Sakina, huwa nawaomba wayaweke pembeni kwanza. Tunasoma kisa cha mbali, cha pwani ya Marekani, ambako maelezo hayohayo yalipimwa kwa vizimba vya waya na yakaonekana ni ya kweli. Hakuna simba ndani yake. Kuna kaa, konokono na aina moja ya nyasi. Baada ya hapo ndipo tunarudi Serengeti, na hapo ndipo ubishi huanza.

Kisiwa cha Sapelo kipo jimbo la Georgia, kusini mashariki mwa Marekani. Upande wake wa bara kuna vinamasi vya chumvi vikubwa: tambarare za tope zinazofunikwa na maji ya bahari yanapojaa na kubaki wazi yanapokupwa, zimeota nyasi tupu mpaka macho yachoke. Mtu wa Tanga au Pangani akiambiwa "tope linalofunikwa na bahari" anawaza mikoko, na yuko sahihi. Kwenye pwani za joto, mikoko ndiyo yenye mahali hapo. Kule ambako baridi ya kipupwe huleta jalidi, mikoko haivumilii, nyasi zinachukua nafasi. Ndiyo maana mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka pwani ya Tanzania bila kuona kinamasi cha namna hii.

Nyasi yenyewe imejulikana miaka mingi kwa jina la Spartina alterniflora. Ila mwaka 2014 wataalamu wa mimea walipanga upya ukoo wake na kuiingiza kwenye jenasi ya Sporobolus. Hapa vijana huwa wanainuka kwenye viti, maana Sporobolus wanaijua. Sporobolus spicatus ndiyo inayoota kwenye magadi pembezoni mwa Ziwa Manyara, na Sporobolus ioclados ni mojawapo ya nyasi fupi wanazozifuata nyumbu kwenye mbuga za kusini mwa Serengeti wakati wa kuzaa. Kwa hiyo nyasi ya Georgia ni ndugu wa nyasi wanazozikanyaga kila msimu. Wote ni ukoo uliozoea chumvi na shida.

Sapelo haikuchaguliwa kwa bahati. Chuo Kikuu cha Georgia kina kituo cha utafiti wa bahari pale tangu 1953, na hapo ndipo mwanaikolojia John Teal alipokusanya takwimu alizochapisha mwaka 1962 kuonyesha jinsi nishati inavyopita ndani ya kinamasi. Kutokana na kazi ile na za wenzake, picha moja ilikaa kwenye vitabu kwa karibu miaka 40. Kwamba nyasi za kinamasi karibu haziliwi zikiwa hai. Zinakua, zinakufa, zinaoza, na ule uozo ndio unaolisha tope, kamba na samaki. Kwa hiyo kiasi cha nyasi kinaamuliwa na vitu vya chini: rutuba ya naitrojeni, chumvi, namna maji yanavyoingia na kutoka. Walaji walikuwepo, lakini walihesabiwa kuwa wapita njia.

Mmoja wa wapita njia hao ni konokono mdogo, Littoraria irrorata, mwenye gamba gumu la kijivu lililochongoka, mkubwa wake anafika kama sentimita 2.5. Ndugu zake wa jenasi hiyohiyo wapo kwetu, wanapanda mashina ya mikoko. Maji yakipwa, konokono wa Sapelo yuko chini kwenye tope au kwenye nusu ya chini ya jani. Maji yakianza kujaa, anapanda. Ukikaa pembeni ya hori, yaani mkondo unaopitisha maji ya bahari kinamasini, wakati bahari inaingia utawaona wote wanaelekea juu, kila mmoja kwenye bua lake, mpaka wanagandamana kwenye ncha juu ya maji. Wanaogopa kilicho ndani ya maji. Kaa wa buluu, Callinectes sapidus, anaingia na maji hayohayo akiwa na gando linaloweza kulivunja gamba, na pia kobe wadogo wa maji ya chumvi, Malaclemys terrapin. Maji yakitoka, nao wanatoka. Konokono anashuka.

Sasa, watu waliwaangalia konokono hawa miaka mingi wakasema wanakula majani yaliyokufa. Ukimwangalia kwa juu juu, ndivyo inavyoonekana. Ukweli ni wa ajabu zaidi. Konokono ana ulimi wenye vijino vingi, anausugua kwenye jani bichi kama msasa. Halimezi jani. Analichubua kwa mstari mrefu na kuliacha na kidonda, kisha anajisaidia juu ya kidonda. Kwenye kinyesi chake kuna vipande hai vya kuvu, na kuvu ile inaota ndani ya jani lililojeruhiwa, ikipata na mbolea ya kinyesi. Baadaye konokono anarudi kula kuvu. Brian Silliman na Steven Newell waliandika habari hii mwaka 2003, na walipopaka dawa ya kuua kuvu kwenye majani, nyasi zilikua vizuri zaidi. Kwa maneno mengine, kinachoiua nyasi zaidi ni ugonjwa ambao konokono anaupanda kwa makusudi ya tumbo lake. Ndiyo maana kumpima kwa kiasi cha majani anachomeza kuliwapoteza watu. Mdomo wake ni mdogo, uharibifu wake ni mkubwa.

Kijana mmoja aliyekulia Kibosho aliliona haraka. Alisema kwao kwenye migomba na kahawa hasara kubwa huja baada ya mdudu kuondoka, pale alipoacha kidonda. Darasa likaelewa bila mimi kuongeza neno.

Jaribio lenyewe lilifanywa na Silliman, akiwa bado mwanafunzi, pamoja na Mark Bertness wa Chuo Kikuu cha Brown, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Nawaomba vijana walisome polepole, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo maelezo ya ndani ya gari hayana. Walichofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho hayatenganishiki. La kwanza: je, konokono anaweza kuangusha nyasi? Wakaweka vizimba vya waya kwenye kinamasi, vingine bila konokono kabisa, vingine na konokono kwa wingi unaopatikana palepale, wakasubiri. La pili: je, nani anawazuia konokono wasizidi? Wakawafunga konokono kwa nyuzi sehemu tofauti za kinamasi ili kuona wapi wanaliwa, na wakazuia kaa na kobe wasifike sehemu nyingine.

Majibu yalikuwa wazi. Palipokuwa na konokono wengi bila wa kuwapunguza, nyasi zilizo kati ya zenye mavuno makubwa kuliko karibu zote duniani ziligeuka tope tupu ndani ya miezi 8. Palipokosa konokono, zilistawi. Na konokono aliyewekwa karibu na hori, ambako maji hufika mapema na kukaa muda mrefu, hakudumu: kaa alimfikia. Hapo ndipo walipojua kwa nini nyasi ndefu ziko kingoni mwa mahori na konokono wengi wako ndani zaidi kwenye nyasi fupi. Watu wa zamani waliona mpangilio huo wakasema ni rutuba inayoletwa na maji. Rutuba ipo, hakuna anayeikana, lakini kaa naye alikuwa anafanya kazi ambayo haikuandikwa popote.

Swali linalofuata huwa ni lilelile kila kundi: mbona basi hawakuliona mapema, na wanasayansi wamejaa pale tangu 1953? Nalipenda swali hili. Jibu ni kwamba mwindaji anayefanya kazi yake vizuri anajificha kwenye matokeo. Ukienda kinamasini ukakuta konokono wachache na nyasi nyingi, utaandika kwamba konokono hana athari. Umeandika kweli kuhusu ulichokiona, na bado umepotea, kwa sababu uchache wa konokono ndio athari yenyewe ya kaa. Mpaka kaa aondolewe, au wewe umwondoe kwa kizimba, huna cha kulinganisha. Kuangalia tu hakutoshi, hata ukiangalia kwa miaka 40 na kwa vifaa vizuri.

Na kizimba chenyewe kinaweza kudanganya. Waya unatia kivuli, unapunguza kasi ya maji, unakusanya takataka. Ndiyo maana katika majaribio ya aina hii huwekwa na vizimba vya nusu, vyenye waya lakini vilivyoachwa wazi upande mmoja ili wanyama waingie na kutoka. Nyasi zikibadilika kwenye kizimba kamili na zisibadilike kwenye kile cha nusu, unajua si waya. Huwa nakaa sana hapa. Mwongoza watalii si mtafiti, lakini akijua kizimba cha nusu ni cha nini, hatakubali kirahisi kila anachokisoma kwenye vipeperushi vya hoteli.

Kisa kingeishia hapo kingekuwa kimenyooka mno. Hakikuishia hapo.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, ukame mkali ulipiga kusini mashariki mwa Marekani, na vinamasi vikaanza kufa kwa maeneo makubwa, majimbo kadhaa kwa pamoja. Mito ilileta maji machache, tope likazidi chumvi. Wengi walisema ni ukame tu, basi. Silliman na wenzake wakaenda kukagua, na mwaka 2005 wakachapisha walichokuta: kati ya sehemu 12 zilizokufa walizozikagua katika majimbo 3, sehemu 11 zilikuwa na konokono waliosongamana ukingoni, pale tope tupu linapokutana na nyasi hai. Walikuwa mstari. Mstari huo ulisogea mbele kuingia kwenye nyasi nzima, na nyuma yake halikubaki jani. Walipozuia konokono wasifike, nyasi zilipona. Walipoongeza chumvi kwenye vipande vya majaribio wakaona kwamba nyasi iliyoelemewa na chumvi inaanguka upesi zaidi ikichubuliwa.

Kwa hiyo nani aliua kinamasi? Ukame ulianza, konokono alimalizia. Lakini kwa nini konokono walikuwa wengi kiasi hicho? Hapa mambo yanapindana. Kaa wa buluu anavuliwa kwa mitego pwani yote ile, na andiko la 2002 lilikuwa tayari limeonya kwamba kuvua kupita kiasi kunaweza kuwa na mkono katika vifo vya nyasi. Ila ukame wenyewe pia ulimpiga kaa. Kuna kimelea cha chembe moja, Hematodinium, kinachoishi ndani ya damu ya kaa na kustawi maji yanapokuwa na chumvi nyingi. Miaka ile ya ukame kaa wa Georgia walipungua vibaya, na watafiti Richard Lee na Marc Frischer mwaka 2004 wakakitaja kimelea hicho kuwa miongoni mwa sababu. Jambo moja, mvua kukosekana, lilidhoofisha nyasi na wakati huohuo likapunguza askari wake. Mtu anayetafuta mkosaji mmoja hapa hatampata.

Sehemu nyingine zilisalimika, na hilo nalo lina maelezo. Kome wa vinamasi, Geukensia demissa, wanajikusanya kwenye mashina ya nyasi wakiwa wamezama nusu ndani ya tope, na mafungu yao yanashika maji na kuongeza rutuba. Christine Angelini na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba nyasi zilizoota kwenye mafungu ya kome zilistahimili ukame pale nyingine zilipokufa, na kutoka kwenye visiwa hivyo vidogo ndiko nyasi zilikoweza kuenea tena. Sina mengi ya kusema juu ya kome, isipokuwa kwamba mwindaji si mlinzi peke yake wa majani, na maelezo ya simba hayana nafasi ya kome.

Tena kuna mamba wa Marekani, aligeta, anayeingia kwenye vinamasi hivyo kuwinda. Miongoni mwa anaowala ni kaa wa buluu. James Nifong na Silliman walionyesha mwaka 2013 kwamba aligeta akiwepo kaa hupungua au hujificha, na konokono wanapumua. Fuata mnyororo: aligeta zaidi, kaa wachache, konokono zaidi, nyasi hatarini. Hapa mwindaji mkubwa kuliko wote hayuko upande wa nyasi. Inategemea yuko ngazi ya ngapi juu ya jani. Vijana huwa hawalipendi hili, wanataka mnyama mkubwa awe shujaa.

Tukirudi Serengeti, tunaanza na nyumbu, maana ndiye anayekula majani mengi kuliko wote na ndiye anayetajwa ndani ya gari.

Sotoka, ugonjwa wa kirusi wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 ikafyeka ng'ombe na nyumbu na nyati kwa pamoja. Iliendelea kuua ndama wa nyumbu kwa miongo. Mifugo inayozunguka hifadhi ilipochanjwa, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu bila hata mmoja wao kuchanjwa. Mwaka 1961 nyumbu walihesabiwa kuwa kama 250,000. Kufikia 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Simba walikuwepo muda wote huo. Fisi walikuwepo. Hawakuwazuia.

Na majani? Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi ambazo zamani zilikauka na kuwa kuni za moto. Moto ulipungua, na miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila kiangazi ikapata nafasi ya kukua. Ricardo Holdo na wenzake waliliandika hilo mwaka 2009: kuondoka kwa sotoka kuliongeza miti Serengeti. Wala majani walipozidi mara tano, nchi haikugeuka vumbi, ilipata miti. Nikifika hapa huwa nanyamaza kidogo ili kila mtu ayalinganishe na maelezo yake mwenyewe ya ndani ya gari.

Mbishi wa kundi, dada mmoja wa Moshi ambaye hapitwi na kitu, alinijibu papo hapo: "Mwalimu, basi sotoka ndiye kaa." Kwa nyumbu, ndivyo. Aliyeshikilia idadi yao chini alikuwa kirusi, na kilipoondolewa tukapata jaribio kubwa ambalo hakuna mtu aliyekusudia kulifanya. Baada ya hapo kilichowasimamisha nyumbu ni njaa ya kiangazi, kama Simon Mduma, Anthony Sinclair na Ray Hilborn walivyoonyesha mwaka 1999 kwa kumbukumbu za miaka 40.

Kwa nini simba ashindwe pale kaa alipoweza? Konokono ana njia ya kukimbia, anapanda bua, lakini bua lina mwisho na maji yanarudi tena na tena. Nyumbu anakimbia kwa kuhama. Simba ana watoto na eneo lake la kulinda, hawezi kufuata msafara mpaka Mara na kurudi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka nyumbu wengi wako nje ya uwezo wake. Mwindaji anatawala kwa mlaji ambaye hana pa kwenda. Hili nalisema mimi kwa kuvipanga visa viwili pembeni kwa pembeni, na ningefurahi kumsikia mtu akilipinga kwa mfano.

Lakini chalii aliyeondoka darasani akidhani simba hana maana kabisa Serengeti naye alikuwa amekosea, na kwa hilo kuna kipimo. Kati ya 1980 na 1987, ujangili na sumu viliwamaliza wanyama wawindaji wengi kaskazini mwa Serengeti. Baadaye walirudi. Sinclair, Mduma na Justin Brashares wakaangalia kilichowapata wala majani kabla, wakati huo na baada, wakachapisha mwaka 2003. Taya, swala tomi, ngiri, nyamera na swala pala waliongezeka wawindaji walipokosekana, wakapungua waliporudi. Twiga hakubadilika. Waligundua mpaka wa uzito karibu kilo 150: walio chini yake wanaliwa na wawindaji wengi wa kila saizi na wanazuiwa nao, walio juu yake wana maadui wachache na kinachowazuia zaidi ni chakula.

Kaskazini mwa Serengeti miaka ile ni kizimba, kikubwa na cha bahati mbaya, lakini kizimba. Tena kilifunguliwa wawindaji waliporudi, na mambo yakarudi. Kwa hiyo mwongoza watalii akiwa Seronera ana cha kusema ambacho kimepimwa: simba na wenzake wanawashikilia swala, si nyumbu wala twiga. Ni refu kidogo kuliko maelezo ya zamani. Mgeni atauliza swali la pili, na hiyo ni faida, kwa sababu maelezo ya zamani yalikuwa yanafunga mazungumzo.

Baadhi ya vijana hulalamika kwamba mgeni hajalipa kusikia habari za kilo 150. Sikubaliani nao. Wageni wengi wanaotua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wanatoka nchi zilizo na pwani za vinamasi, na wapo waliokuwa wakivua kaa wa buluu na babu zao. Ukimwambia mtu wa Georgia kwamba nyasi anayoiona Manyara ni ndugu wa ile ya kwao, na kwamba kaa wa kwao anafanya kazi ambayo hapa sotoka iliwahi kuifanya, hatasinzia mpaka lango la Naabi, la kuingilia Serengeti.

Swali lililotuchukua muda mrefu kuliko yote liliulizwa na kijana ambaye kaka yake anapeleka watu Momella. Hifadhi ya Taifa ya Arusha haina simba. Ukishapita lango la Ngongongare unakutana na uwanda wa Serengeti Ndogo, na nyati, punda milia, twiga na ngiri wapo pale, na nyasi zipo. Akasema hiyo inatosha kuyafuta maelezo ya simba bila kwenda Georgia wala kuhesabu nyumbu.

Haitoshi, na sababu ni ileile ya vizimba. Serengeti Ndogo ni kizimba bila mwenzake: hatuna kipande cha pili chenye mvua ileile na udongo uleule wa Mlima Meru ambacho kina simba. Pia haikosi wawindaji. Chui yupo, fisi madoa yupo. Ila kwa mpaka wa kilo 150 tunaweza kubashiri kitu kabla ya kwenda kuangalia, na tulikiandika ubaoni. Nyati, twiga na punda milia wanapita kilo 150 wakiwa wakubwa, kwa hiyo kukosekana kwa simba kusiwe kumebadilisha sana idadi yao, wanategemea zaidi majani na mvua. Mwenye kutazamwa ni ngiri, na nyuma yake pongo wa msituni. Wao wako chini ya mpaka, na aliyebaki wa kuwashikilia ni chui na fisi. Chui wa Meru wakipungua, wale wawili ndio wanaotakiwa kuonekana wamezidi kwanza, muda mrefu kabla ya nyati kuonyesha chochote.

Kaka yake yule kijana ameombwa aanze kuhesabu ngiri kila anapopita, pale pale uwandani, upande wa kushoto na wa kulia wa barabara, saa ileile ya asubuhi. Ameuliza kama ahesabu na watoto. Tumemwambia awahesabu, lakini kwenye safu yao peke yao.